Yule Mzungu wa Yogati ya Naivasha

Kama umewahi kupanda matatu ya Nakuru, hii steji unaijua. Mnapita Naivasha, dere anaegesha, makanga anasema dakika kumi tu na msipotee. Watu wanashuka, wengine choo, wengine mahindi choma, lakini wengi wanaenda moja kwa moja kununua yogati. Mimi ni vanila kila siku. Hapo panaitwa Delamere, na tangu nikiwa mdogo, nikisikia hilo jina nilikuwa naonja kitu tamu mdomoni. Nilikuwa na miaka kama 15 ndio nikajua kumbe Delamere alikuwa mtu.

Miezi miwili iliyopita niliweka video ya dakika mbili nikisema huyo mtu alikuwa mwizi wa mashamba, basi, nukta. Ilienda vizuri. Wasee walishare, wengine wakaandika mambo mazito kuliko yangu. Halafu usiku nikapata ujumbe kutoka kwa jamaa mmoja wa Narok. Huyu tulikuwa tunalala chumba kimoja hosteli kabla karo inishinde niachane na kampasi. Ni mtu wa maneno machache. Aliandika hivi tu: "Na nyinyi mlifika Njoro lini?"

Sikumjibu. Shosh yangu anaishi Njoro. Baba amezaliwa huko. Na Pasaka hii Shosh alikuwa ametuita wote akasema amezeeka, anataka kugawa ekari zake mbili na nusu akiwa bado na akili timamu, na kila mjukuu aseme kama anataka kipande chake ama hataki. Kwa hivyo swali la jamaa lilinikuta mahali pabaya. Nikaona badala ya kumjibu na mdomo, wacha nisome kwanza. Hii hapa ndio nilipata, na ni ndefu kuliko ile video. Chukua chai.

Jina lake kamili lilikuwa Hugh Cholmondeley. Linaandikwa hivyo lakini Waingereza wanalisoma "Chamli", usiniulize kwa nini. Alizaliwa 1870 huko Cheshire, Uingereza, kwa familia ya kilodi. Alisoma Eton, ile shule ya watoto wa wakubwa, na hakuwa mtu wa vitabu. Akiwa na miaka 17 babake akafa, yeye akawa Baron Delamere wa tatu. Yaani umri ambao wewe unangoja matokeo ya KCSE, yeye alikuwa amerithi jumba, cheo na maelfu ya ekari.

Pesa na ujana vikikutana, mtu anatafuta mchezo. Wake ulikuwa kuwinda. Kuanzia 1891 alikuwa anakuja Somalia kuwinda simba. Mwaka 1894 simba mmoja akamgeuzia kibao, akamshika mguu akaanza kumtafuna. Aliyemwokoa ni mbeba bunduki wake, Msomali anayeitwa Abdullah Ashur, ambaye alimrukia yule simba na mikono. Soma tena hiyo sentensi. Delamere alichechemea maisha yake yote kwa sababu ya huo mguu, lakini aliishi. Mimi nikifika hapo kwa kitabu nilifunga nikaenda kutembea nje. Kila kitu nitakachokuambia kuanzia sasa, mashamba, siasa, unga, kesi, kilitokea kwa sababu Msomali mmoja hakukimbia. Na ukiuliza watu kumi Nairobi kama wanamjua Abdullah Ashur, utapata sifuri.

Mwisho wa 1896 akaanza safari ndefu, kutoka Somalia kupitia kusini mwa Ethiopia, na ngamia, daktari wake na bunduki nyingi. Mwaka 1897 wakavuka jangwa la kaskazini, wakapita Marsabit, mwishowe wakapanda Laikipia. Sasa jiweke kwa viatu vya huyo mtu. Umekula vumbi miezi na miezi, halafu ghafla unaona majani, mito, baridi ya asubuhi kama ya kwenu. Na watu unaona wachache. Akaamua hapo ndipo atarudi.

Hapo kwa "watu wachache" ndipo stori nyingi za masetla zinakudanganya, kwa hivyo tukae kidogo. Miaka ya 1890 ilikuwa mibaya sana kwa Wamaasai. Sotoka iliingia ikamaliza karibu ng'ombe wote. Ndui ikafuata ikamaliza watu. Juu ya hiyo, mzee Mbatiany, oloiboni mkuu, alikuwa amekufa na wanawe wawili, Lenana na Sendeyo, wakapigana kuhusu nani arithi. Kwa hivyo mzungu aliyefika 1897 aliona nchi ya watu waliotoka tu kuugua. Ni kama uingie kwa nyumba ya mtu akiwa amelazwa hospitali, useme hii nyumba haina mwenyewe.

Delamere alioa mwaka 1899. Mkewe alikuwa Lady Florence Cole, binti wa Earl wa Enniskillen, Ireland. Kufika 1903 wakahamia huku kabisa. Wakati huo reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu tayari, tangu 1901, na ilikuwa imekula pesa ya Waingereza vibaya. Kamishna Sir Charles Eliot alikuwa na shida moja: reli haina mzigo. Suluhisho lake lilikuwa kuleta wazungu walime, ili treni ibebe kitu. Delamere akaomba shamba. Ombi la kwanza likakataliwa kwa kuwa lilikuwa mbali na kila kitu. La pili likakataliwa kwa sababu ya Wamaasai. La tatu likapita: ekari 100,000 pale Njoro, kwa miaka 99, kodi paundi 200 kwa mwaka, na sharti kwamba atumie paundi 5,000 kuliendeleza ndani ya miaka mitano.

Nilipiga hesabu kwa simu. Ni ekari 500 kwa paundi moja kwa mwaka. Fikiria hiyo ukiwa kwa bedsita yako unangoja keyteka akufungie stima.

Alipaita Equator Ranch. Na maisha yenyewe hayakuwa ya kifahari, hiyo nitampa. Waliishi kwa vibanda vya udongo na nyasi, sakafu mchanga, yeye na binti wa Earl. Alikuwa na nywele ndefu mpaka mabegani na kofia kubwa kama sahani. Aliamka kabla jua, na kila kitu alichojaribu kilikufa.

Kondoo wa merino aliowaleta kutoka New Zealand walikufa wengi. Ng'ombe wakaletwa, wakapatwa na homa ya mapafu na ndigana. Waliobaki wakakonda tu bila sababu inayoonekana, wakiwa kwa majani mazuri ya kijani. Baadaye ndio ilijulikana udongo wa Njoro ulikosa madini fulani ambayo mnyama anayahitaji. Sasa hapa ndipo nilicheka. Wamaasai walikuwa wanajua. Hawakuwa na jina la hayo madini lakini walijua ng'ombe hawafanyi vizuri pale, kwa hivyo hawakuwa wanakaa. Angeuliza mchungaji yeyote angeambiwa bure.

Akahamia ngano. Ngano ikaota vizuri, ikaingiwa na kutu, ikaisha. Akapanda tena, ikaisha tena. Hapo akafanya kitu ambacho mimi kwa kweli ninakiheshimu: akaweka maabara shambani na kumwajiri mtaalamu wa mimea achanganye mbegu mpaka zipatikane zinazovumilia kutu. Ilichukua miaka. Mwaka 1908 akaanzisha Unga Limited ili ngano ya huku isagwe huku. Ndio, hiyo Unga. Chapati zako za Jumapili zina historia.

Kuna wale wasee wa motisheni hupenda stori kama hii. Ameanguka mara saba ameamka mara nane, hivyo vitu. Mimi pia nilikuwa nimeanza kuingia kwa mtego, ju mtu aliyeacha shule anapenda sana stori za watu walioanguka wakaamka. Lakini uliza aliamka na nini. Kila alipoanguka alikopa kwa dhamana ya mali yake ya Uingereza. Alikuwa na jumba la kuweka rehani. Na wakati yeye anaanguka na kuamka, Mwafrika hakuwa anaruhusiwa hata kuanguka. Kahawa, kwa mfano, kwa miaka mingi Mwafrika wa sehemu nyingi za nchi alizuiwa kuipanda. Ardhi ya milimani, ile baadaye iliitwa White Highlands, hakuweza kununua. Kwa hivyo ndio, jamaa alikuwa na bidii. Pia alikuwa anacheza mechi ambayo timu ingine imefungiwa nje ya uwanja.

Sasa Wamaasai. Mwaka 1904, mwezi wa nane, serikali ya Uingereza ilifanya mkataba na Lenana na wazee wengine. Wamaasai watoke Bonde la Ufa, yaani Naivasha, Elmenteita, Nakuru, wagawanywe pande mbili: wengine Laikipia, wengine kusini. Na waliahidiwa kwamba sehemu hizo mpya zitabaki zao maadamu Wamaasai wapo duniani. Ahadi hiyo ilikaa miaka saba. Mwaka 1911 wakafanyiwa mkataba mwingine, na sasa wa Laikipia nao watoke waende kusini, kwa sababu masetla walikuwa wameipenda Laikipia. Safari ya kwanza ilikwama njiani kule juu Mau, kwa baridi na mvua, mifugo ikifa na watu pia. Wakarudishwa, halafu wakahamishwa tena mpaka 1913.

Mmoja wa viongozi wao, Parsaloi Ole Gilisho, hakunyamaza. Hawakuchukua mikuki, waliandika wakili. Hebu fikiria, 1912, Wamaasai wanashtaki serikali ya Uingereza kwa mahakama ya Waingereza. Kesi ilisikizwa 1913 na wakapoteza, kwa sababu ambayo mpaka leo inanichanganya kichwa. Mahakama ilisema Wamaasai si raia wa Uingereza, wao ni kama taifa la kigeni, na huo mkataba ni wa kati ya mataifa mawili, kwa hivyo korti haina uwezo wa kuusikiza. Unaona huo ujanja? Ukitaka kuchukua ardhi yao, wao ni watu wako. Wakikushtaki, wao ni wageni.

Na Delamere yuko wapi kwa hii? Kuanzia 1906 alikuwa amepata shamba la pili, kando ya Ziwa Elmenteita. Soysambu. Jina lenyewe ni la Kimaasai, linahusu mwamba wenye mabaka. Hapo ni kwenye lile eneo Wamaasai waliondolewa kwa mkataba wa 1904. Na hapo, buda, ndipo mifugo yake ilianza kufanya vizuri. Njoro, ambapo Wamaasai hawakuwa wanapataka, alifilisika. Elmenteita, ambapo walikuwa wanachunga wakaondolewa, akatajirika kwa sufu na maziwa. Akachanganya madume ya merino na kondoo majike wa Kimaasai, akaajiri wachungaji Wamaasai, akajifunza lugha yao akawa anaiongea. Watu waliomwandika vizuri husema aliwapenda Wamaasai sana. Naamini. Mtu anaweza kukupenda na bado alale kwa kitanda chako.

Siasa yake nitaipitisha haraka lakini kuna mambo mawili lazima uyajue.

La kwanza, ni kati ya wasee wa kwanza kuongoza maandamano Nairobi. Mwaka 1908 masetla walikuwa na hasira kwamba serikali haiwapi vibarua wa kutosha, wakaenda mpaka kwa nyumba ya gavana wakimpigia kelele ajiuzulu. Delamere alikuwa mbele. Adhabu yake ilikuwa kusimamishwa kwa muda kwenye baraza la kutunga sheria, halafu akarudi. Hakuna risasi, hakuna mtu aliyebebwa kwa buti la gari. Miaka 14 baadaye, Machi 1922, watu weusi walikusanyika Nairobi hiyo hiyo, nje ya kituo cha polisi, wakitaka Harry Thuku aachiliwe. Walipigwa risasi. Serikali yenyewe ilikubali waliokufa ni zaidi ya 20, na mmoja wao alikuwa Muthoni Nyanjiru, mama aliyewaambia wanaume wavue suruali wampe yeye. Sisi wa Juni 2024 hatuhitaji kuelezewa hiyo tofauti.

La pili, mwaka 1912 kulikuwa na tume ya kuchunguza mambo ya vibarua. Delamere akaenda kutoa maoni, na alichosema, kwa maneno yangu, ni kwamba ukimwachia kila Mwafrika shamba la kumtosha, hautawahi kupata mfanyakazi. Sio mimi namwekea maneno mdomoni, iko kwa rekodi. Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho hakuna mwalimu aliwahi kunieleza. Kuchukua ardhi haikuwa tu kuchukua ardhi. Ilikuwa kutengeneza vibarua. Unapunguza shamba, unaweka kodi ya nyumba, unamvisha mtu kipande shingoni, na bila kumfunga kamba anakuja mwenyewe kuomba kazi.

Na hapo ndipo nyumba yetu inaingia kwa hii stori.

Nilienda kwa Shosh wikendi moja na daftari, nikamuuliza swali la jamaa wa Narok vile lilivyo. Tulifika Njoro lini? Aliniangalia kama nimemuuliza umri wake. Halafu akaniambia babu yake alitoka Kiambu, sehemu ambayo ardhi ilikuwa imechukuliwa kupandwa kahawa, akiwa na mbuzi na wake wawili, miaka ya ishirini. Alisikia Bonde la Ufa wazungu wana mashamba makubwa mpaka hawajui mwisho, na wanakubali mtu alime kipande na kuchunga mbuzi wake kama atawafanyia kazi. Hao ndio maskwota. Sheria ya 1918 ilisema kila mwanamume afanye siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Babake Shosh alizaliwa huko shambani kwa mzungu. Hakuwa Delamere, alikuwa setla mwingine mdogo mwenye ng'ombe wa maziwa. Shosh naye akazaliwa hapo.

"Tulikuwa tunaishi vizuri," akasema, "mpaka siku ya lori."

Siku ya lori ilikuwa 1953. Wakati wa Hali ya Hatari Wakikuyu wengi walitolewa mashambani Bonde la Ufa wakarudishwa rizavu. Shosh alikuwa na miaka minane. Anakumbuka mama yake akiulizwa kama amekula kiapo, na anakumbuka kuku wao wakiachwa, alizunguka sana kwa hao kuku. Walirudi baada ya uhuru, babake akanunua hisa kwa kikundi cha kununua mashamba, wakagawiwa ekari. Hizo ndizo tunagawana sasa.

Nikamuuliza: na Wamaasai? Akanyamaza. Akamwaga chai iliyobaki kwa kikombe. Akasema, "Hao tuliwakuta wametolewa tayari. Sisi hatukumtoa mtu."

Ni kweli. Na pia najua jamaa wangu hawezi kuridhika na hilo jibu, kwa sababu hata mjukuu wa Delamere anaweza kusema hivyo hivyo.

Turudi kwa mzee amalizie. Mkewe Florence alikufa mwaka 1914, bado kijana, miaka 30 na kitu, ugonjwa wa moyo. Soma vile aliishi huko Njoro utaelewa moyo ulichokea wapi. Kakake Florence, Galbraith Cole, naye alikuwa setla, Delamere ndiye aliwavuta huku. Mwaka 1911 alimpiga risasi na kumuua mtu aliyemshuku kuiba kondoo wake. Wazee wa korti, wote wazungu, wakamwachilia, mpaka serikali ikaona aibu ikamfukuza nchini. Baadaye alirudi. Na kwa kuwa niko hapo: kitukuu wa Delamere, Thomas Cholmondeley, mwaka 2005 alimpiga risasi na kumuua afisa wa KWS pale Soysambu na kesi ikaondolewa. Mwaka uliofuata akamuua mwashi mmoja shambani humo humo. Alihukumiwa 2009, miezi minane. Alikufa 2016. Sina la kuongeza hapo.

Miaka ya ishirini Delamere alikuwa ndiye mfalme wa masetla asiye na taji. Ndoto yake ilikuwa Kenya iwe kama Rhodesia ya Kusini, wazungu wajitawale wenyewe. Mwaka 1923 alienda London kupigania hiyo, hasa dhidi ya Wahindi waliokuwa wanadai haki sawa. London ikatoa tamko kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na maslahi yao yatakuja kwanza. Yaani alienda kuwanyima Wahindi, akarudi na karatasi inayosema mwenye nchi ni yule mchungaji wake. Kwa miaka mingi hiyo karatasi haikumsaidia mchungaji na chochote, lakini ilikuwepo.

Alioa tena 1928, mwanamke anayeitwa Gwladys, ambaye baadaye alikuwa meya wa Nairobi. Kisha mambo yakaanguka pamoja. Nzige. Bei za mazao duniani zikashuka baada ya 1929. Moyo ukaanza kumsumbua. Tarehe 13 Novemba 1931 akafa huko Loresho, miaka 61. Aliacha maelfu ya ekari na madeni makubwa benki. Nilishangaa sana kusoma hivyo. Mtu aliyepewa ekari 500 kwa paundi moja alikufa akiwa na deni. Walimzika Soysambu, juu ya ziwa.

Baadaye barabara kubwa ya Nairobi ikaitwa Delamere Avenue, na sanamu yake ya shaba ikawekwa hapo. Aliyeichonga ni Kathleen Scott, mjane wa yule Scott aliyekufa kwa barafu ya Ncha ya Kusini. Uhuru ulipokuja sanamu iling'olewa na barabara ikawa Kenyatta Avenue. Wengi tunajua hiyo. Ambacho sikujua ni kwamba haikuvunjwa. Ilipelekwa Soysambu na iko huko mpaka leo, inaangalia ule mlima ambao ukiuangalia kutoka barabarani unafanana na mtu amelala chali. Wamaasai wana stori zao kuhusu aliyelala pale. Soysambu yenyewe sasa ni hifadhi ya karibu ekari 48,000, kuna twiga na flamingo, na ziwa liliwekwa kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011.

Mwezi wa nane 2004, miaka mia moja baada ya ule mkataba, Wamaasai waliandamana na kuingiza ng'ombe kwa mashamba makubwa Laikipia, wakisema muda umeisha, turudishiwe. Serikali, ya Wakenya sasa, sio ya Waingereza, ikasema hakuna kitu kama hicho, mikataba ya ardhi bado ina miaka mingi. Polisi wakatumwa. Mzee mmoja akapigwa risasi akafa. Mimi wakati huo nilikuwa nabebwa mgongoni, na mgongo wenyewe ulikuwa wa Shosh.

Ile video nimeiacha juu, sijaifuta. Maneno yenyewe sio uongo. Lakini nimemwandikia jamaa wa Narok. Nimemwambia: miaka ya ishirini, kwa miguu, na mbuzi. Nimemwambia stori ya lori na ya kuku. Halafu nimemuuliza kwao walikuwa wapi kabla ya Narok. Alijibu baada ya siku mbili, sauti ya dakika nne, na sitaiweka hapa kwa sababu si yangu. Nitasema tu babu ya babake alizaliwa karibu na Elmenteita.

Jumamosi naenda Njoro kumpa Shosh jibu lake. Mpimaji anakuja saa nne, na binamu zangu wawili tayari wanabishana nani atapata upande wenye maji. Mimi bado sijui nitasema nini. Shosh amenipigia asubuhi kunikumbusha nisichelewe, na nikipita Naivasha nimchukulie yogati mbili, za stroberi, ju ile ya vanila ati haina ladha.